Nyanya za Bidoni Katika Mji wa Shaba

Mnyanya uliopandwa ndani ya chombo huishi kwa kile unachopewa tu. Mnyanya wa shambani ukibanwa na kiu huteremsha mizizi kutafuta unyevu wa chini. Ule wa ndani ya ndoo hukuta plastiki. Maji, chakula, jua, na wakati mwingine hata mtikisiko wa kuchavusha maua yake, vyote hutoka mkononi mwa mwenye lupango (kiwanja cha nyumba). Ndiyo maana wengi huuona kuwa mmea wa kusumbua, wa kupandwa na asiye na ardhi. Likasi ina sababu ya kuutazama vingine. Anayepanda ndani ya chombo ana uwezo wa mambo mawili ambayo mwenye shamba hana: huchagua udongo, na huamua mvua iuguse mmea au isiuguse. Katika mji huu, mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua kama nyanya italiwa bila wasiwasi, au hata kama itafika kuiva.

Likasi, mji wa mkoa wa Haut-Katanga, nchini Kongo, ulio kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi, ulizaliwa na shaba. Hadi 1966 uliitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, Mbelgiji aliyekuwa miongoni mwa wakuu wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa 1906. Kwa miongo mingi viwanda vya Shituru na Panda vilishughulika na kuyeyusha na kusafisha shaba na kobalti, na mabaki ya kazi hiyo hayakwenda mbali. Vumbi lilitua juu ya mapaa na nyua. Maji machafu yalifuata vijito hadi mto Lufira na ziwa Tshangalele. Metali haziozi kama majani wala hazipotei kama moshi. Zilizotua miaka 50 iliyopita bado zimo kwenye udongo.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya kupima mkojo wa wakazi wa Katanga. Waliokaa karibu na migodi na viwanda walikutwa na kobalti nyingi kupita kiasi, watoto wakiwemo. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba mboga zinazolimwa kwenye udongo uliochafuka, pamoja na vumbi la majumbani, ni njia kubwa zinazoipeleka metali hiyo mwilini. Jambo hili linagusa nyumba nyingi, kwa sababu kilimo cha uani kiliongezeka mjini humo wakati wa dhiki. Mgodi wa Kamoto, upande wa Kolwezi, uliporomoka Septemba 1990, na kampuni ya madini ya Gécamines ikaanza kudidimia. Mwaka 2003 wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Familia zilizozoea mshahara na posho ya kampuni ziligeukia jembe, na ardhi iliyokuwa karibu mara nyingi ilikuwa ileile iliyo jirani na kiwanda.

Nyanya ina nafuu moja katika habari hii. Mimea mingi hukusanya metali kwenye mizizi na majani kuliko kwenye matunda, kwa hiyo lengalenga, matembele na sombe ndizo za kuhofiwa kwanza. Hata hivyo nafuu hiyo haimaanishi usalama. Tunda linaloota juu ya udongo mbaya hupata sehemu yake, na ngozi yake hubeba vumbi lote linalopita barabarani. Kuhamisha mmea kutoka ardhini na kuutia ndani ya bidoni yenye udongo uliochaguliwa ni kinga ya kweli, na haimgharimu mtu zaidi ya jasho la kubeba.

Bidoni ya njano ya lita 20 iliyokuwa ya mafuta ya kula ndiyo chombo kinachofaa zaidi, maana iko kila mahali na imebeba chakula tu. Hukatwa upande wa juu, kisha hutobolewa matundu sita au manane kwenye kitako na mengine mawili au matatu ubavuni, kama sentimita 2 kutoka chini, ili maji yatoke hata ikikaa juu ya ardhi tambarare. Chombo cha lita 10 hutosha mche wa nyanya fupi kwa shida. Nyanya ndefu hutaka lita 20 au zaidi. Beseni lililopasuka, ndoo kuukuu na mfuko wa unga vyote hufaa vikiwa na kina cha sentimita 30.

Chombo cha kukataa bila kujadiliana ni kile kilichotoka kiwandani au mgodini. Mapipa na madumu yaliyobeba tindikali au kemikali za kuchenjulia madini yakiuzwa mitumbani huonekana imara na safi kuliko bidoni ya mafuta, lakini plastiki hunyonya baadhi ya yaliyomo na kuyatoa polepole. Kuyaosha kwa sabuni hakutoshi. Ndoo ya rangi ya ukuta nayo iachwe kwa kazi nyingine.

Wapo wanaotandika kokoto chini ya chombo wakiamini kwamba maji yatashuka upesi. Kokoto haifanyi hivyo. Maji husita pale udongo laini unapokutana na mawe, kwa hiyo tabaka lenye unyevu mwingi hupanda juu na mizizi hupungukiwa nafasi. Likasi kuna hatari ya ziada: kokoto nyeusi zinazookotwa bure huenda zikawa mabaki ya tanuru la shaba. Matundu ya kutosha na kipande cha chandarua cha kuzuia udongo usimwagike hufanya kazi vizuri zaidi.

Udongo mwema hutafutwa mbali na viwanda, mbali na barabara ya malori ya madini, na mbali na vijito vinavyopita Shituru. Ardhi yenyewe hutoa dalili. Pale miti ya miombo inapokoma ghafla na kubaki nyasi fupi na mimea midogo kama Haumaniastrum katangense, ambayo wanajiolojia waliifuata kama alama ya shaba, hapo si pa kuchota udongo wa mboga. Pale miti mikubwa inapostawi na majani yake kuoza juu ya ardhi, tabaka la sentimita 15 za juu ni hazina. Shimo lifukiwe baada ya kuchota, na mizizi ya mti isikatwe.

Katanga ina hazina nyingine: vichuguu vikubwa vya mchwa, vinavyoweza kuzidi mita 5 kwenda juu. Mchwa hupandisha mfinyanzi wa chini, na udongo wa kichuguu huwa na kalsiamu nyingi na asidi kidogo kuliko ardhi nyekundu inayouzunguka. Sifa hizo mbili zinafaa sana kwa nyanya. Asidi ikipungua, shaba na kobalti vilivyomo hunasa kwenye udongo na mmea huvinyonya kwa uchache. Kasoro ya udongo huo ni ugumu. Ukijazwa bidoni nzima hushikana kama tofali, na watu hawaufyatulii matofali bure. Kiasi kidogo ndicho dawa.

Mchanganyiko unaokubali ni sehemu tatu za udongo wa msituni, sehemu mbili za mboji au samadi iliyooza kabisa, nusu sehemu ya udongo wa kichuguu uliosagwa, na sehemu moja ya kitu chepesi cha kufungua njia ya hewa: maganda ya karanga yaliyovunjwa, au vumbi la makala (makaa) lililobaki chini ya gunia. Konzi moja ya majivu ya mbabula (jiko la makaa) kwa kila bidoni huongeza potasiamu na kupunguza asidi, mradi mbabula haikuwashwa kwa plastiki. Samadi mbichi ya kuku huunguza mizizi, kwa hiyo isubiri mpaka ipoe, ilegee na kuacha kunuka. Kama udongo umetoka mahali palipolimwa nyanya au viazi, hutandazwa juu ya turubai, hulowanishwa na kufunikwa plastiki angavu kwa wiki nne au zaidi wakati wa jua kali la Septemba na Oktoba. Joto linaloshikwa chini ya plastiki huua sehemu kubwa ya minyoo fundo na vimelea vya kuvu.

Kalenda ya Likasi haifanani na ile ya pwani wala ya Nairobi. Mji uko kwenye nyuzi 11 za kusini, karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Mvua nyingi hunyesha kuanzia Novemba hadi Machi. Mei hadi Septemba ni kiangazi, na Juni na Julai usiku ni baridi kweli. Nyanya hutaka usiku wa nyuzi 15 hadi 20. Chini ya nyuzi 13 chavua hudhoofika, na maua hupukutika bila tunda. Mchana ukipita nyuzi 32, matokeo huwa yaleyale. Basi miche inayosiwa mwishoni mwa Julai hupelekwa kwenye bidoni Agosti ikiisha, hutoa maua baridi ikiwa imekatika, na huanza kuiva Oktoba na Novemba. Miche ya Februari huzaa Mei, kabla ya baridi kuuma. Mazao ya thamani zaidi ni yale ya miezi ya mvua, wakati nyanya za shambani zinapoharibika na bei sokoni hupanda. Hapo ndipo chombo humlipa mwenye kukitunza.

Mbegu husiwa kwenye vikombe vidogo, nusu sentimita chini ya udongo, na huchomoza baada ya siku tano hadi kumi. Roma VF na Rio Grande ni nyanya fupi zinazotulia ndani ya ndoo. Money Maker hurefuka bila kukoma na hudai mti mrefu wa kuegemea. Herufi V na F kwenye pakiti si pambo la muuzaji, bali huonyesha kwamba aina hiyo inahimili kuvu wawili wa mnyauko, Verticillium na Fusarium. Mche wenye majani manne hadi sita huhamishwa jioni, na huzikwa mpaka karibu na majani ya kwanza, kwa maana shina la nyanya huota mizizi popote linapogusana na udongo. Chombo kimoja, mche mmoja. Kubana miwili kwenye bidoni moja huzaa majani mengi na nyanya ndogo.

Mahali pa kuviweka vyombo hubadilika na msimu, na faida ya bidoni ni kwamba hubebeka. Juni jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini hupata mwanga siku nzima, na matofali yake hurudisha joto usiku. Desemba jua huhamia kusini kidogo ya utosi, na kinachotafutwa wakati huo ni ukingo wa paa: mahali pa kupata mwanga wa saa sita au zaidi, ambapo mvua hailowanishi majani. Baraza linalotazama mashariki hufaa sana. Penye kukosa baraza, fremu ya miti minne na plastiki angavu juu yake hutosha, huku pande zikiachwa wazi ili hewa ipite.

Kumwagilia ndiyo kazi ya kila siku, na ndiyo inayoharibu mimea mingi. Kipimo cha kuaminika ni kidole: kikiingia udongoni hadi kifundo cha pili na kukuta ukavu, maji yatiwe mpaka yachuruzike chini. Mche mdogo hutosheka na lita moja au pungufu kwa siku. Mmea wenye matunda, katika joto la Oktoba, huweza kumaliza lita mbili hadi tatu, na siku nyingine hutaka asubuhi na jioni. Maji yatiwe shinani, majani yabaki makavu. Maji ya kijito kinachotoka upande wa viwanda yasitumiwe kabisa, kwani yatarudisha ndani ya bidoni kile kilichokimbiwa ardhini. Bomba la shirika la maji, REGIDESO, likikauka kwa siku kadhaa, akiba ya mvua huokoa mazao, baada ya kuachia maji ya mwanzo yanayoosha vumbi la paa yamwagike. Matandazo ya nyasi kavu, unene wa vidole vitatu, hupunguza kiu ya chombo kwa kiasi kinachoonekana.

Kosa la kukausha mmea kisha kuugharikisha huonekana kwenye tunda. Kitako huwa cheusi na kubonyea, au ngozi hupasuka. Ule weusi wa kitako ni upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda, na wengi hukimbilia kusaga maganda ya mayai. Maganda hayo huchukua miezi mingi kuyeyuka. Mara nyingi kalsiamu imo udongoni, ila haikusafiri kwa sababu maji yalikatika. Kumwagilia kwa utaratibu humaliza tatizo kwa matunda yanayofuata.

Kila maji yanapochuruzika hutoka na chakula. Tangu matunda ya kwanza yafikie ukubwa wa gololi, chombo hutaka kulishwa kila wiki moja au mbili. Samadi ya kuku kilo moja hulowekwa kwenye lita 10 za maji kwa wiki mbili, kisha huchujwa na kuzimuliwa hadi rangi ifanane na chai nyepesi. Majani ya alizeti mwitu, ile yenye maua ya manjano kando ya njia, nayo hulowekwa hivyo hivyo na huwa na nitrojeni na potasiamu kwa wingi. Anayetumia mbolea ya dukani asisahau kwamba NPK 10-20-10 na urea zinazonunuliwa kwa mahindi hazikutengenezwa kwa ndoo: kijiko kimoja cha chai cha NPK kila wiki mbili, mbali na shina, kinatosha, na urea huleta msitu wa majani usio na maua.

Nyanya ndefu hufungwa kwenye mti wa mita moja na nusu kwa vitambaa vilivyolegea, na machipukizi ya kwapani huvunjwa kwa vidole yakiwa madogo, ibaki shina moja au mawili. Nyanya fupi zisipogolewe hivyo, kwa kuwa matunda yake hutokea kwenye matawi hayo. Barazani ambako upepo haufiki, vishada vya maua hutikiswa kidogo kila asubuhi umande ukishakauka. Ua la nyanya hujichavusha lenyewe, ila hutaka kuguswa.

Adui mkubwa wa miezi ya mvua ni milidiu, ambayo wataalamu wa Tanzania huiita bakajani chelewa. Kimelea chake, Phytophthora infestans, ndicho kilichoangamiza viazi vya Ireland kuanzia 1845. Hupenda hali ileile ya jioni za Januari Likasi: ubaridi wa wastani na majani yanayobaki na maji usiku kucha. Mabaka ya kijivu-kahawia hutanda, utando mweupe hutokea chini ya jani alfajiri, na ndani ya wiki moja mmea huonekana kama uliomwagiwa maji ya moto. Dawa ya kawaida duniani ni mchanganyiko wa Bordeaux, salfati ya shaba na chokaa, ambao Pierre-Marie-Alexis Millardet aliutangaza Ufaransa mwaka 1885 kwa ajili ya mizabibu. Huzuia kweli. Lakini shaba hiyo hudondoka udongoni na kukaa humo, na katika mji ambao watu wanahangaika kuikimbia shaba, kuinyunyiza ndani ya bidoni kila wiki ni kuifuata tena. Paa ni kinga bora: jani kavu haliambukizwi. Mmea ukishaugua, sehemu zenye mabaka hukatwa siku hiyohiyo na kuchomwa.

Mnyauko wa bakteria huja kwa namna nyingine. Mmea hulegea mchana ukiwa bado kijani na maji yamo. Kipande cha shina kikitumbukizwa kwenye glasi ya maji safi hutoa nyuzi nyeupe kama maziwa. Hakuna dawa, mmea na udongo wake hutupwa mbali na vyombo vingine, na hapo upandaji wa bidoni huonyesha wema wake, kwa kuwa ugonjwa uliobaki ndani ya ndoo moja hauhamii ndoo ya jirani isipokuwa kwa kisu, mikono au maji yanayochuruzika.

Miongoni mwa wadudu, utitiri wekundu hushambulia wakati wa kiangazi na hupungua majani yakipigwa maji kwa chini asubuhi mapema, ili yakauke upesi. Inzi weupe na vidukari hushindwa na maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chai kwa lita, yakipulizwa jua likiwa limeshuka. Mbaya zaidi ni Tuta absoluta, nondo mdogo wa Amerika Kusini aliyefika Hispania 2006, Tanzania 2014 na Zambia 2016. Wakulima wa Tanzania walimpa jina la kantangaze. Viwavi wake huchimba njia ndani ya majani na kuingia kwenye tunda. Mwenye bidoni tano au kumi anaweza kufanya kile ambacho mwenye hekta hawezi: kukagua kila jani kila siku mbili, kuchuma yaliyochimbwa, kuyafunga ndani ya mfuko wa plastiki na kuyaacha juani mpaka viwavi wafe.

Nyanya huchumwa inapoanza kubadilika rangi. Huiva vizuri ndani ya nyumba na kuepukana na ndege, mipasuko na mikono ya wapita njia. Bidoni moja iliyotunzwa hutoa kilo 2 hadi 4 katika msimu. Kila tunda lisuguliwe kwa maji safi kabla ya kukatwa, hata likionekana limetakata, kwa sababu vumbi la Likasi si la kawaida. Nyanya zisiingizwe kwenye friji; chini ya nyuzi 12 ladha hufa.

Mmea ukichoka, hung'olewa na mizizi yake kutazamwa. Ikiwa na vinundu, ina minyoo fundo, na udongo huo hurudi juani chini ya plastiki. Ikiwa safi, udongo huongezwa sehemu moja ya mboji na kupandwa maharage au vitunguu msimu unaofuata. Biringanya, pilipili na viazi mviringo ni ndugu wa nyanya na hurithishana maradhi, kwa hiyo visifuatane ndani ya chombo kimoja. Mbegu za mmea uliozaa vizuri, kama si wa chotara, hukamuliwa na ute wake, huachwa kwenye kikombe siku mbili au tatu mpaka zichachuke, huoshwa na kuanikwa kivulini juu ya sahani. Zikihifadhiwa mahali pakavu huota hata baada ya miaka minne.